Kaka, mrudishie mwanao kitabu chake

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, na wanaosoma wasome.

Sina ugomvi na ladha yako. Ukisema The Fifth Season, riwaya ya njozi ya N. K. Jemisin, mwandishi Mmarekani mweusi, ni ngumu kuingia, nitakuelewa. Mama mmoja anasimuliwa kwa "wewe", kana kwamba ni msomaji mwenyewe anayerudi nyumbani na kumkuta mwanawe mdogo ameuawa na babake mzazi. Wapo wanaoishia hapo. Wengine huchoshwa na msamiati wa dunia ile, mgeni mno na hauelezwi upesi. Hayo ni maoni, tena wewe ndiye uliyenifundisha kubishania vitabu, taa zimezimwa, mama akitugongea ukuta tulale.

Ila siku ile ya Idi hukutoa maoni. Binti yako alikuwa amejikunja kwenye kochi, amezama katika kitabu hicho, hata pilau hajaigusa. Ukamnyang'anya, ukasoma jalada, ukasema mbele ya wageni: "Siku hizi tuzo zinatolewa kwa rangi ya ngozi." Ukakiweka juu ya kabati. Mtoto akakutazama wewe, kisha akanitazama mimi.

Kaka, tuzo uliyoiona kwenye jalada ni Hugo, ya hadithi za kisayansi na njozi, na inapigiwa kura na wasomaji, wanachama wa Worldcon, kongamano la kila mwaka la mashabiki wa hadithi hizo, wanaolipa ada yao na kuvipanga vitabu kuanzia wanachokipenda zaidi. Mwaka 2015 watu wenye madai kama yako walijaza orodha za uteuzi kwa mpango. Wapigakura wakaona heri vipengele vitano vikose mshindi. Mwaka 2016 walirudi, na bado Jemisin akashinda. Akashinda tena 2017 na 2018, kwa vitabu viwili vilivyofuata. Kabla yake hakuna aliyewahi kuchukua tuzo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo. Huruma gani hiyo ya kujirudia mara tatu?

Kisome mpaka ujue kwa nini wanawake wanaosimuliwa ni watatu, ndipo ukiseme vibaya upendavyo.

Najua mama alisema nina kiburi kwa kuondoka kabla ya chai. Si kiburi. Ningebaki ningekujibu mbele ya mwanao, nyumbani kwako, na wewe ni mkubwa wangu. Nilikusitiri, kaka. Wewe hukumsitiri mtoto.

Mrudishie amalizie. Cha pili na cha tatu ninavyo mimi, na akivitaka nitamletea, uridhie usiridhie.