Pahala Penye Kimya na Choo cha Karibu

Tucson, Arizona
Januari

Shoga yangu mpenzi, Mama Nasra,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa kitandani na taa imezimwa. Unaniuliza kama mtu wa magongo anaweza kwenda jangwani peke yake, alale, aamke, arudi salama. Nimeona nisikujibu kwa simu. Kwa simu ningesema "njoo tu," nawe ungekuja na godoro la kutandika chini.

Na najua kinachokusukuma. Tangu umalize eda nyumba yako haijapoa. Wageni ni baraka, lakini unataka usiku mmoja ambao hakuna mtu atakayekuuliza kama umekula.

Basi inawezekana. Mimi huu ni mwaka wa sita. Ila kuna jambo lililonichukua safari mbili nzima kulielewa: huku kimya na wepesi wa kufika vimewekwa mbalimbali. Nafasi iliyotengwa kwa ajili yetu kambini mara nyingi iko ubavuni mwa choo. Waliopanga walitufikiria, kwani nani anataka kutembea mita mia mbili gizani kwa gongo? Lakini ubavuni mwa choo ndiko taa inakowaka hadi alfajiri, mlango unabamizwa, na kila apitaye anakumulika tochi usoni. Safari yangu ya kwanza nililala hapo. Jirani alikuja na gari la kulalia kubwa kama basi la mkoani, jenereta yake ikaunguruma mpaka saa nne usiku. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Safari ya pili nikakimbilia upande wa pili kabisa. Kuna ardhi kubwa ya umma inayosimamiwa na idara ya serikali iitwayo Bureau of Land Management, na sehemu nyingi unaruhusiwa kulala bure hadi siku 14. Hakuna choo, hakuna maji, hakuna jirani. Kimya nilikipata, wallahi, kimya cha kusikia mbawa za kunguru akipita juu. Lakini njia ilikuwa mchanga mtupu. Gurudumu likazama, nikashuka nitazame, gongo nalo likazama. Nikalala palepale bila kupenda. Asubuhi mzee mmoja mwenye pikapu alinivuta kwa kamba, akakataa hata chai.

Toka hapo nikaanza kusoma kanuni za kambi kabla ya kutazama picha zake. Tafuta kanuni ya urefu wa magari. Kambi ikikataa magari marefu, yale mabasi ya kulalia hayaingii, na jenereta zao zinabaki huko huko. Kambi ya Bonita Canyon, ndani ya hifadhi ya Chiricahua kusini mashariki mwa Arizona, ina nafasi 26 tu na haipokei gari linalozidi futi 29. Kambi ya hifadhi ya Natural Bridges kule Utah ina nafasi 13, kikomo futi 26. Hiyo ndiyo hifadhi ya kwanza duniani kutambuliwa kwa giza la anga lake, mwaka 2007, na nyota zake zilinitoa machozi. Lakini ni mbali, na maji huchoti kambini, unayachota kwenye kituo cha wageni. Usianzie huko. Hifadhi ya Death Valley, California, nako kuna kambi ya Texas Springs, ambako jenereta zimepigwa marufuku kabisa.

Wewe nakutaka uanzie hifadhi ya Organ Pipe, huku huku Arizona, karibu na mpaka wa Mexico. Kambi yake ya Twin Peaks ni kubwa, nafasi 208, usishtuke. Sehemu ya mahema imetengwa na magari makubwa, vyoo ni vya kuvuta maji, na saa za kuwasha jenereta zimewekewa mipaka. Jioni jua likishuka, madungusi kakati yale marefu, saguaro, yanasimama kama watu waliokuja kuaga. Mengine yalikuwepo kabla ya bibi zetu kuzaliwa. Mkono wa kwanza tu huweza kuchukua miaka hamsini na zaidi kuchipua.

Pahala pangu hasa, ninaporudi kila mwaka, ni City of Rocks, New Mexico, kati ya Deming na Silver City. Ni mawe ya majivu ya volkano, ya takriban miaka milioni 35, yamesimama tambarareni kama mji mkongwe uliohamwa. Nafasi za kulala zimejificha katikati yake, kila mtu ana ukuta wake wa jiwe. Upepo unazuiwa, sauti zinazuiwa, na gari lako linasimama hatua chache kutoka mezani. Pale ndipo nilipojua kwamba si lazima nichague baina ya choo na usingizi.

Kabla hujalipia pahala popote, piga simu. Usiulize kama panafaa mlemavu, kwani wote watasema ndiyo. Uliza ardhi ni ya namna gani: saruji, udongo ulioshindiliwa, kokoto au mchanga. Uliza kutoka gari hadi choo ni hatua ngapi, mlangoni kuna kizingiti au hakuna, na taa ya choo inazimwa au inakesha. Akijibu kwa kubahatisha, mwombe kwa adabu atoke akatazame. Mimi nimefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili mtu alitoka akatazama.

Omba pia kadi ya Access Pass. Ni ya bure, ya maisha, kwa raia na kwa mwenye grini kadi aliye na ulemavu wa kudumu. Inakuingiza hifadhi za taifa bila kiingilio, na ada ya kambi mara nyingi inapungua nusu. City of Rocks ni ya jimbo, pale haitakusaidia.

Grini kadi yenyewe itembee nawe mkobani, si nakala. Barabara ya Organ Pipe ina kizuizi cha askari wa mpaka, na wewe na mimi kwa rangi na lafudhi zetu tutaulizwa. Shusha kioo, jibu ulichoulizwa, endelea na safari. Sikufichi kwamba mara ya kwanza mikono ilinitetemeka.

Maji chukua lita nne kwa siku, na za akiba. Insulini iwe kwenye sanduku la barafu, isiguse barafu yenyewe, wala usiiache garini mchana. Badilisha mipira ya magongo uweke ile mipana. Beba kitana cha meno makubwa: kuna dungusi kakati liitwalo cholla, kipande chake kikikugusa tu kinang'ang'ania, na kukibandua kwa mkono ni kuhamishia miiba mkononi. Usilale kamwe ndani ya korongo kavu hata likiwa na mchanga laini kama kitanda. Unakumbuka kwetu Tanga, mvua inanyesha milimani Usambara na mto unajaa mchana wa jua? Huku ni vivyo hivyo, hasa kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba. Kwa hiyo njoo baada ya Idi, mwishoni mwa Machi, kabla joto halijakaza.

Kuhusu woga, mimi hutoa viti viwili nje hata nikiwa peke yangu. Kambi nyingi zina mzee au wazee wawili wa kujitolea wanaoishi hapo msimu mzima; nikifika nawasalimia, wananijua gari na gongo. Rukia namwachia jina la kambi na namba ya nafasi, kwa kuwa simu nyingi huko hazishiki.

Alfajiri utaamka bila kuamshwa. Kibla huku ni kaskazini mashariki, na mlima utaanza kupata rangi ungali umekaa. Hakuna atakayekuuliza chochote.

Usiku wa kwanza nitalala nafasi ya jirani, nisikusumbue. Wa pili nitaondoka.

Sasa nipimie kitanda chako cha nyumbani, kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, kwa sentimita. Vitanda vya kukunja vingi viko chini mno, na mguu ule mpya wa bandia hautakunyanyua kutoka chini. Nataka ninunue kinacholingana kabla ya mwezi kuisha.

Shoga yako wa bwenini,
Mama Rukia