Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumbukumbu ya Wapelelezi wa Anga wa 1915, Kisiwani Mafia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali na viongozi wa dini,
Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji,
Wazee wetu, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu tunaotunza kiwanja hiki cha kale cha ndege, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyekuvusha salama mkondo wa Mafia, ambao msimu huu wa kusi haumbembelezi mtu. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu wa pili, kwa kuwa ule wa kwanza tuliambiwa ulipotea ukiwa bado unapita kwenye meza za ofisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya mahali hapa ni ndefu na jua limeanza kuwa kali, kwa hiyo tutaigusa kwa ufupi. Mwezi Septemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imeanza, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji, ambako mikoko iliifunika na maji mafupi yakaikinga na meli kubwa za adui. Rubani wa kwanza kuiona kutoka angani, Novemba mwaka huo, alikuwa Dennis Cutler, raia aliyekodiwa pamoja na ndege yake ya majini, ndege ambayo ilibidi itafutiwe rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa ndipo iweze kuendelea kuruka. Mwezi uliofuata alitekwa na Wajerumani. Januari 1915 Waingereza walikitwaa kisiwa chetu, na baada ya ndege za majini kushindwa na joto na unyevu wa pwani hii, zililetwa ndege za nchi kavu aina ya Henri Farman na Caudron. Kwa ajili ya ndege hizo ndipo kilipofyekwa kiwanja tulichosimama juu yake leo.

Tarehe kama ya leo, 11 Julai 1915, rubani John Cull na mpelelezi wake Harwood Arnold waliruka kuelekea Rufiji kuziongoza kwa simu ya upepo manowari mbili bapa, Severn na Mersey, ambazo zilijengwa kwa ajili ya mito ya Brazili na kukokotwa kutoka Malta hadi huku. Siku tano kabla, meli hizo zilishambulia bila kuimaliza Königsberg. Safari hii makombora yalipoanza kulenga, ndege ilipigwa, injini ikaharibika. Ndege ikiwa inashuka kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Walianguka majini karibu na Mersey, Cull akanasa chini ya ndege akajinasua kwa taabu, na wote wawili wakaokolewa. Siku hiyo hiyo Königsberg ikaangamia, ingawa mizinga yake kumi iliopolewa na kuendelea kupigana nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Wenzetu wamepata mizinga, na sisi wenye kiwanja tumebaki na majani.

Mheshimiwa, tangu kikundi kianzishwe tumepata mafanikio makubwa. Tumeufyeka uwanja huu mara tatu kwa mapanga yetu wenyewe. Tumesimamisha kibao, ambacho kimebaki wima hata baada ya masika. Tumefundisha historia hii katika shule mbili, na mwanafunzi mmoja alituuliza swali ambalo limebadili mpango wetu wote: ni nani aliyeufyeka uwanja wenyewe? Uwanja wa ndege haujifyeki. Ndiyo maana bamba tunalokusudia kuliweka litakuwa na pande mbili. Kushoto yataandikwa majina ya Cull, Arnold na wenzao, ambayo yamo katika kumbukumbu za Uingereza. Kulia pataachwa wazi kwa ajili ya watu wa kisiwa hiki waliong'oa visiki na kubeba mapipa ya petroli, hadi wazee watakapotusaidia kuwapata hata wawili watatu kwa majina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa naomba uniruhusu niseme lililotuleta hapa.

Ombi letu ni moja, nalo ni kupimiwa eneo hili na kupewa hati. Mkutano Mkuu wa Kijiji ulikwisha kutupatia ekari mbili, na muhtasari wenye mhuri na saini tunao. Kilichobaki ni kazi ya mpima ardhi, ambayo tumeelezwa na kila aliyetuelezea kwamba ni kazi ya siku moja. Siku hiyo moja tunaisubiri mwaka wa nne sasa. Mgeni rasmi wa kwanza alisimama pale ulipoketi wewe akatuahidi kwamba mpima atafika kabla ya mfungo wa Ramadhani, nasi kwa heshima hatukuuliza mfungo wa mwaka gani. Wa pili alisema tusubiri mwaka mpya wa fedha. Wa tatu alitufariji kwa kusema kwamba suala letu liko mezani, na hatuna shaka kwamba liko mezani hadi leo.

Isije ikaonekana kwamba hatuna shukrani, mpima alifika mara moja. Tulichanga nauli yake ya boti, akina mama wakapika wali wa nazi na changu wa kupaka, na kazi ikaanza vizuri upande wa mashariki. Saa nane mchana betri ya chombo chake ikazimika, akachomeka vigingi vinne vya mti kwa muda, akaahidi kurudi na mawe ya mpaka. Vigingi viwili vililiwa na mchwa. Cha tatu kiling'olewa na sasa kimefungiwa mbuzi. Mheshimiwa ukigeuka kulia kidogo utamwona. Cha nne hatukijui kilipo.

Hasara ya kuchelewa huku si ya heshima tu. Mwezi wa tatu mwaka huu jirani yetu amepanda miche kumi na miwili ya minazi katikati ya njia yenyewe iliyotumiwa na ndege kurukia. Hatumlaumu, kwa sababu hakuona mpaka, na sisi hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha. Lakini mnazi ukishashika mizizi una fidia yake, na fidia hiyo hatuna. Wageni waliofika hapa mwaka jana walikuwa tayari kugharamia bamba la shaba, ila waliuliza swali moja tu kabla ya kutoa fedha: hati iko wapi? Tuliwaonyesha muhtasari wa kijiji. Waliusoma kwa adabu sana, wakaurudisha, wakaaga.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, leo hatuombi fedha, hatuombi mabati wala saruji, ingawa vikija havitarudishwa. Tunaomba utakapojibu risala hii ututajie tarehe, na utuachie jina la ofisa tutakayemfuata tarehe hiyo ikipita. Chakula cha mpima tutapika tena, na safari hii tumeazima jenereta kwa ajili ya betri yake.

Nakala za barua zetu tatu na ya muhtasari wa kijiji zimo ndani ya bahasha ya kaki utakayokabidhiwa pamoja na risala hii. Tunaomba usimkabidhi msaidizi wako, bali uibebe mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.