Hendibreki ya Land Rover haishiki matairi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nirekebishe jambo moja lililoandikwa kwenye makala yenu ya kufufua nyumbani magari ya zamani ya fowili, yaani yanayoweza kusukumwa na matairi yote manne. Mwandishi wenu alimwambia msomaji avute hendibreki, apige jeki nyuma, afungue tairi, aanze kazi. Kwa magari mengi ushauri huo haujakamilika tu. Kwa Land Rover za zamani, ambazo ndizo mlizoweka pichani juu ya makala hiyo, ni mtego, na mimi ulishaninasa.

Mimi ni fundi cherehani. Gari nimeachiwa na mjomba wangu: Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88 kutoka ekseli (mhimili wa matairi) ya mbele hadi ya nyuma, ya mwaka 1976, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Lilikaa miaka mingi bila kuwashwa, panya wakazaliana ndani ya viti. Watu walinishauri niliuze kama chuma chakavu. Nikawajibu kwamba hata chuma chenyewe hakitoshi. Maana yake nitaieleza mbele.

Siku ya mkasa nilitaka kufungua ngoma ya breki ya nyuma kushoto, lile bakuli la chuma ambalo breki hulibana kwa ndani. Uwanja ukiutazama kwa macho ni tambarare. Nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikalegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, nikapiga jeki. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amesimama mbele ya gari na tochi mkononi. Tairi lilipoachana na ardhi tu, likaanza kuzunguka lenyewe, polepole, kinyumenyume, kama gurudumu la cherehani lililochezewa na mtoto. Badala ya kukimbia nikabaki kulitazama.

“Shangazi, hujavuta hendibreki!”

“Nimeivuta, njoo uangalie!”

Tulipokuwa tukibishana gari lilikuwa limeshasogea shubiri mbili. Kijana akaruka pembeni, jeki ikalala ubavu, gari likashuka kwa kishindo. Halikumgusa mtu. Jeki ilipinda, na mimi nilikaa chini nusu saa nzima bila kushika spana.

Hendibreki ilikuwa imevutwa, tena ilikuwa imeshika vizuri. Katika magari mengi hendibreki hubana matairi mawili ya nyuma, kila moja kwenye breki yake. Kwenye Land Rover hizi haiko kwenye matairi kabisa. Iko ngoma moja tu, nyuma ya giaboksi ndogo inayogawa nguvu ya mbele na nyuma, pale inapoanzia propela ya nyuma, yaani mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Ukivuta, unachofunga ni propela. Matairi yote mawili yakiwa chini, gari halisogei. Lakini kati ya propela na matairi kuna difu, na kazi ya difu ni kuliruhusu tairi moja lizunguke tofauti na mwenzake. Ukiinua moja, lile lililobaki chini linakuwa huru kubingirika mbele, mradi la hewani lizunguke nyuma kwa kasi ileile. Ndicho nilichokuwa nakishangaa. Kuliacha gari kwenye gia hakusaidii, maana gia nayo inaishika propela hiyohiyo.

Sikutaka kuamini kwa kuambiwa. Nilipopata stendi imara niliweka kabari matairi ya mbele, nikainua ekseli yote ya nyuma, nikavuta hendibreki, kisha nikazungusha tairi la kushoto kwa mkono. La kulia likazunguka kinyume. Mtoto wa kaka yangu alicheka sana, halafu akanyamaza ghafla. Nadhani alikumbuka alikuwa amesimama wapi siku ile. Mpangilio huo haukuishia kwenye Series III. Defender za zamani zilizofuata zinao, na Land Cruiser za kizazi cha 40 za miaka ya mwanzo zilikuwa na ndugu yake.

Kwa hiyo kabari ziwekwe mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini, kabla jeki haijagusa gari. Mwenye wasiwasi zaidi aingize fowili, na kama habu (vitovu vya matairi) za mbele ni zile za kufunga na kufungua, azifunge ili matairi yaungane na ekseli. Hapo propela iliyoshikwa inaishika na ekseli ya mbele pia. Huo ni msaada wa ziada, kabari hazina badala yake. Na uvunguni mtu asiingie gari likiwa juu ya jeki peke yake.

Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu, lakini kwa kuwa nimeshaichukua, niongeze. Makala ilitumia karibu nusu ukurasa kwa rangi, matairi makubwa na kuongeza kimo cha gari. Breki zilipata sentensi mbili, na mojawapo ndiyo hii ya hendibreki.

Mwandishi alisema pia kwamba Land Rover haili kutu kwa kuwa bodi ni aluminiamu. Nusu yake ni kweli. Gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inatoa chuma kwa mgawo baada ya vita, na aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana nikasema chuma hakitoshi. Lakini fremu iliyobeba kila kitu ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoumia: inageuka unga mweupe.

Kwenye kikapu changu cha kushonea nina sumaku ya kuokotea pini. Niliichukua nikaenda nayo kwenye gari. Kwenye madigadi inateleza na kuanguka, kwenye fremu inanasa kwa mlio. Nikaipitisha fremu nzima shubiri kwa shubiri, nimelala chali. Karibu na kishikio cha springi ya nyuma kulia ikaniangukia usoni. Pale hapakuwa na chuma. Palikuwa na pati, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, iliyosuguliwa kwa msasa ikapakwa rangi nyeusi, kazi safi kweli, ya mtu ambaye sitaki kumjua. Nikagonga kwa nyundo. Chuma kizima hulia kama kengele. Pale palisema “bu”, na pati ilipobomoka kidole kiliingia chote. Fremu hizi ni kama maboksi marefu. Tope na maji vikiingia ndani vinakaa humo, kwa hiyo zinaliwa kuanzia ndani huku nje pakipendeza. Rangi ambayo makala inatuhimiza tuanze nayo ingeweza kuficha shimo hilo kwa miaka mingine kumi, au mpaka springi isukume kishikio chake juu nikiwa barabarani.

Kuchomelea sikujaribu. Nilimpa mtu anayejua, betri ikiwa imefunguliwa na tangi la petroli limeshushwa kabisa. Alikata mpaka akafika kwenye chuma kizima, ndipo akaweka bati la unene uleule. Mimi nilishona viti. Katika gari zima ndiyo kazi pekee niliyoifanya bila kumuuliza mtu.

Breki nilizipa miezi miwili. Gari langu lilikuwa na njia moja tu ya oili ya breki kutoka masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, hadi matairi yote manne. Bomba moja la mpira likipasuka, pedali inakwenda mpaka sakafuni na hakuna tairi linaloshika. Nikaweka masta silinda ya njia mbili, mbele na nyuma zikijitegemea, pamoja na sevo ya kusaidia mguu. Si kitu cha kubandika na kuondoka: kishikio cha pedali kinabadilika, na mabomba yanapindwa upya. Ngoma za mbele nilizibadili kutoka inchi 10 kwenda zile za inchi 11 za Land Rover ndefu, ya inchi 109. Oili sili za habu, mipira ya kuzuia oili isitoke, zilikuwa zinavuja juu ya shuu za breki, yaani vipande vinavyobana ngoma, na shuu ikishalowa oili sijui msasa wa kuiponya, nilizitupa zote. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki ni kazi ya watu wawili na huvunja udugu. “Kanyaga. Shikilia. Nimesema shikilia!” Oili ya breki yenyewe hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo kopo lililokaa wazi tangu mwaka jana msilitumie, na ikidondokea rangi inaivua.

Sasa matairi makubwa. Breki hushika karibu na kitovu cha tairi, lakini barabara inasukuma tairi kwenye ukingo wake. Kadiri ukingo unavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo barabara inavyopata mtaimbo mrefu wa kushindana na breki zako. Ongeza nusu kipenyo kwa sehemu 10 kati ya 100, na breki zinatakiwa kukaza kwa kiasi hichohicho zaidi ili gari lisimame vilevile. Shafti za nyuma za magari haya, zile zinazotoka kwenye difu hadi kwenye tairi, nazo zinajulikana kwa kukatika hata kwa matairi ya kawaida. Ukishaliongezea gari kimo, propela inakaa kwa pembe kali zaidi na mabomba ya breki ya mpira yanavutika. Makala haikutaja hata moja kati ya hayo. Sisemi watu wasiweke. Nasema waanze na kusimama, ndipo waende kwenye kupendeza.

Mimi mwenyewe si malaika wa spana. Bushi mpya za springi, vile vipande vya mpira vinavyopitisha bolti, nilizikaza gari likiwa juu ya stendi, springi zikining'inia. Nilipolishusha, mpira uliokazwa katika hali ile ukajipinda, na baada ya muda mfupi ulikuwa umechanika. Bolti hizo hukazwa mwisho, matairi yakiwa yamebeba uzito wa gari. Nilinunua bushi mara mbili. Siku ya kwanza barabarani, kijana alibonyeza kifundo cha njano, kile cha fowili, tukiwa kwenye lami kavu. Gari hili halina difu ya katikati, na kwenye kona matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Usukani ukawa mzito kama unavuta gogo. Kuitoa fowili ni lazima usimame, uvute mkono mwekundu wa gia nyuma hadi mwisho, kisha uurudishe mbele.

Kuhusu umeme nitasema moja. Taa mbili za wati 60 ni wati 120. Gawa kwa volti 12, upate ampia 10, na zote hizo zilikuwa zinapita kwenye swichi ya zamani ya kidole. Weka rilei, swichi ya sumaku inayobeba umeme mwingi kwa niaba ya ile ya kidole, swichi ipumzike. Taa zangu ziling'aa zaidi bila kubadili balbu.

Naomba mchapishe marekebisho ya hendibreki mahali panapoonekana, hata kama barua hii yote mtaikata. Mwandishi wenu akitaka kuona kwa macho, aje; tutaweka ekseli juu na atazungusha tairi kwa mkono wake. Asitegemee gari la kupendeza. Ukiacha fremu, kitu pekee tulichokwisha kupaka rangi ni zile kabari mbili za mbao, nyekundu, ili zisisahaulike kwenye majani. Rangi alichagua mtoto wa kaka yangu.

Wenu,
Fundi cherehani