Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda wa kivukoni Mtwara: saa za kungoja nazo ni zenu

Wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote mnaokaa hapo kijiweni mkiwangojea abiria wanaovuka kutoka Msangamkuu. Maisha yangu mengi yamepita baharini na shambani, na kazi hizo mbili, mtu akizichunguza vizuri, zina kungoja kwingi kuliko kutenda. Nadhani hilo linanipa haki ya kuwaandikia, kwa sababu nanyi, ingawa watu huwaita wenye haraka, sehemu kubwa ya siku yenu inapita mkiwa mmekalia pikipiki iliyozimwa.

Nimewasikia mara nyingi mkisema kwamba saa hizo ni hasara tupu, na chanzo cha kauli hiyo nakijua. Wengi wenu pikipiki zenu ni za mkataba, na tajiri anataka hesabu yake jioni, abiria wawe wamekuja au hawakuja. Siwezi kuwaambia msiiwaze hesabu, kwa kuwa anayesema hivyo hajawahi kudaiwa. Ninalosema ni kwamba kuiwaza tangu asubuhi hakuleti abiria hata mmoja kabla kivuko hakijafika gatini. Kwa hiyo muda ambao kivuko kiko ng'ambo ni wenu kabisa, tajiri hana fungu ndani yake, na ni juu yenu kuamua mtautumiaje.

Sisi wavuvi tulifundishwa jambo hili na maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake, wala hakuna nahodha aliyewahi kuiharakisha. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati yake huja maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Mtu anayeyajua haya hangoji kwa kubahatisha, na utulivu wake unatokana na ujuzi huo zaidi kuliko tabia aliyozaliwa nayo. Watazameni kina mama wanaokwenda mwambani kutafuta pweza: hufika ufukoni kabla maji hayajatoka, wakaketi, na ukipita karibu yao utasikia vicheko ambavyo ni nadra kuvisikia kwingine, maana hapo ndipo habari za mtaa huchambuliwa, harusi hupangwa na ukili husukwa. Maji yakishatoka kila mmoja huinamia mwamba wake na maneno hupungua. Ukiniuliza mimi, nitakuambia kwamba wengine wangekuja ufukoni hata kama pweza wasingekuwapo.

Wazee wenzangu wanakumbuka pia safari za Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wakati Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko na mvua za masika zikiharibu barabara kiasi cha basi kukwama njiani siku nzima, na pengine zaidi. Sizisifu siku hizo, kwa kuwa watoto waliugua na bidhaa zilioza, na anayezitamani zirudi nadhani hakuwahi kulala ndani ya tope lile. Hata hivyo abiria waliochangia chungu kimoja kando ya barabara walifika wakiwa wanajuana kwa majina na kwa vijiji. Leo basi huondoka Mtwara alfajiri na kufika Dar es Salaam siku hiyohiyo, na watu waliokaa kiti kimoja hushuka bila hata kuulizana wanatoka wapi.

Mnatarajia sasa niilaumu simu, kama wazee wote. Siilaumu. Nimewaona wanne wenu mkitazama mpira katika simu moja, mkigombana na mwamuzi ambaye hawasikii, na kwa maoni yangu huko ni kungoja kulikotimia. Kinachonisikitisha ni pale kila mmoja anapoinamia yake, hata mama mwenye kapu zito akafika na kusimama juani bila kusalimiwa, ilhali naye anangoja kama nyinyi.

Lipo jambo moja ambalo sitaki mnielewe vibaya. Kungoja si kwa aina moja. Kungoja mkorosho utoe maua, kisha mabibo yaive na kuanguka yenyewe, kuna raha yake, na mkulima aliyepiga salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, kwa wakati hutembea chini ya miti yake kila asubuhi bila kuwa na kazi yoyote ya kufanya pale. Lakini tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, mkulima hukabidhi korosho zake kwa chama cha msingi, zikapelekwa ghalani, zikauzwa mnadani, ndipo fedha ziingie benki. Na fedha hizo zikipitiliza siku zilizoahidiwa, asije mtu akawahubiria subira. Hapo msitafute furaha, mtafuteni katibu wa chama. Wahenga walituachia pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na walikuwa wakisema juu ya kungoja kwa namna hii, kunakotokana na uzembe wa mtu. Wengi wenu mna wazazi wenye mikorosho, basi wasaidieni kuuliza, tena kwa maandishi.

Nirudi kijiweni. Mtu anayechomwa na jua la saa saba hana furaha ya kuitafuta, kwa hiyo jambo la kwanza ni kivuli. Nawashauri mchange kidogo kidogo, mwende kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba ruhusa ya kujenga banda la makuti lenye mabenchi mawili, moja lenu na moja la abiria. Zamu iandikwe ubaoni ili aliye wa nne ajue kwamba ni wa nne na aweze kucheka kwa moyo mkunjufu badala ya kuchungulia gatini kila dakika. Mama anayeuza ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa, apewe nafasi karibu yenu, kwa sababu kile ni chakula cha mazungumzo: kinamenywa kwa meno, taratibu, na pilipili yake humlazimisha hata mkimya kusema neno.

Bao langu lipo nyumbani, kete zake zimetimia 64, na wenzangu niliokuwa nikicheza nao wamepungua. Banda likisimama nitalileta, na asiyejua kutakata, yaani kusogeza kete bila kula, nitamfundisha.

Wenu,
Babu wa Mikindani