Usije na kikundi, njoo peke yako

Mpendwa, Bwana Yesu asifiwe! Mbukwenyi huko Morogoro? Sisi huku wazima, upepo tu na vumbi ndo vinatusumbua, watoto wanapiga chafya kutwa. Mama yangu anakusalimia sana, anasema ile kanga ilifika.

Nimeandika harakaharaka kwa sababu ya ile sauti uliyonitumia WhatsApp, kwamba Jumamosi mnapanda treni ya SGR na vijana wote, mkishuka Dodoma moja kwa moja Nkuhungu kwa yule mama yetu aliyeacha ibada, mkamwombee arudi kwa Bwana. Rafiki yangu, nakuomba msije hivyo. Najua una mzigo naye, na mimi ninao. Ila yule mama hajamkataa Mungu. Alipofiwa na mwanae, matanga hata hayajaanuliwa, mhubiri mmoja alimwambia mbele za watu angekuwa na imani mtoto angepona. Toka siku ile ibadani haendi. Sasa aone kundi la watu getini na Biblia na spika, atajua ni wale wale wamerudi.

Tunapenda sana ile 1 Petro 3:15, tuwe tayari kujibu, lakini pale anasemwa mtu anayeuliza, alafu mwishoni kuna upole na hofu, na hapo ndo huwa tunapita mbio. Sisi tunajibu watu ambao hata hawajafungua mdomo, yani inaniuma.

Na ameanza kuuliza, ujue! Juzi tunapeta uwele kwake akaniambia, hivi wewe ukiomba usipojibiwa unafanyaje? Nikamwambia ukweli, nalia, alafu naomba tena. Sikuongeza mstari wowote. Siku akitaka tusome kitu nitamfungulia Zaburi ya 13, maana inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini, na yeye hilo ndilo swali lake, aone kuwa limo kwenye Biblia na hakuna aliyemfukuza Daudi kwa kuuliza.

Kwa hiyo njoo peke yako. Na usianze na zawadi ya unga. Yohana 4 Bwana alifika kisimani amechoka akamwomba yule mama Msamaria maji, yeye ndo aliyeanza kuomba! Basi na wewe mwombe mama akufundishe kupika mlenda wa kukausha, si kila siku unasema wako unakuwa mchungu? Kaa mkekani, kula ugali wake, mtaje mtoto wake kwa jina, watu wanaogopa kumtaja. Akinyamaza nyamaza nae. Akitaka maombi atasema, na asiposema tutaenda tena, mimi niko huku siendi popote. Unga utampelekea siku nyingine, asije akadhani ni malipo ya kurudi kanisani.

Vijana wasivunjike moyo, wanaweza kuja kuimba kwetu Jumapili, mchungaji atafurahi.

Sasa niambie, tiketi mmeshakata au bado? Kiongozi wa vijana utamwambia wewe au nimpigie mimi? Utalala kwetu au kwa shangazi yako Area C? Na mdogo wako vipi, ile mahari wameelewana? Nijibu leo leo tafadhali, maana mama yangu ameniuliza kama kuna wageni Jumamosi na mi sijamjibu, nimwambie unakuja peke yako?