Msimu wa kwanza, wa kwanza wa lini?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu ningali kazini reli, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, hata pale mlipochapisha chemshabongo ileile wiki mbili mfululizo. Lakini ile habari ya ukurasa wa burudani, ile yenye picha ya mwigizaji Ncuti Gatwa akicheka, imenishinda.

Mliandika kwamba Doctor Who, tamthilia ya runinga ya Uingereza kuhusu msafiri wa nyakati aitwaye Daktari, "yaanza msimu wa kwanza". Wa kwanza wa lini? BBC ilianza kuirusha Novemba 23, 1963, Tanganyika na Zanzibar hazijaungana bado. Mimi niliikuta 1977 nikisomea ufundi Leeds, Uingereza. Jumamosi jioni mama mwenye nyumba alikuwa akinisogezea kiti karibu na runinga, tunamtazama Tom Baker na skafu lake refu akiingia kwenye chombo chake cha safari, kile kibanda cha polisi cha buluu, kidogo kwa nje, kikubwa kwa ndani. Na Baker mwenyewe alikuwa Daktari wa nne, maana Daktari akikaribia kufa hugeuka mtu mwingine, mwigizaji mwingine akashika zamu. Gatwa ni wa 15.

Mtasema wenye tamthilia ndio walioita hivyo. Kweli, Mei 2024 waliamua kuhesabu upya, kama walivyofanya 2005 baada ya misimu kukatika 1989. Kwa hiyo kazi ya mwandishi ni kunakili bango? Misimu 26 ya zamani, 13 tangu 2005 hadi 2021, huo wa 2024 ni wa 40. Hesabu hiyo nimeifanya nyuma ya risiti ya luku, haikunichukua dakika mbili.

Sasa sikieni kilichonipata. Mjukuu wangu alisoma habari yenu, akaomba kumwona Daktari huyo. Nikachukua flashi, nikapanda bajaji hadi kwa kijana anayeuza muvi (mambo ya hakimiliki tutayaongea siku nikionyeshwa duka halali mtaani kwetu), nikamwambia niwekee msimu wa kwanza. Akaweka, nikalipa elfu mbili. Nyumbani tukachomeka: anatokea mzungu mwenye koti jeusi la ngozi anapambana na masanamu ya dukani yanayotembea. Ni Christopher Eccleston, wa 2005. "Babu, huyu siye." Nikarudi, bajaji nyingine, elfu mbili nyingine, nikasema nataka ule wa kwanza hasa, ulioandikwa gazetini. Kijana akaona ameelewa. Safari hii ikaja picha isiyo na rangi, askari anapita na tochi kwenye ukungu, kisha mzee mwenye mvi mkali kama mkaguzi wa tiketi. William Hartnell, 1963! Mimi nilifurahi, sikatai, ila mtoto alilia. Mara ya tatu nilikwenda na gazeti lenyewe. Kijana akalisoma taratibu, kidole juu ya maandishi, akanirudishia kwa mikono miwili: "Mzee wangu, shikamoo, lakini hapa si wameandika msimu wa kwanza? Mimi kosa langu liko wapi?" Sikuwa na jibu. Foleni nyuma yangu ilikuwa inacheka.

Mwishowe nilimpata Gatwa, lakini aliyetafsiriwa, na hilo nalo lina mambo yake. Hawa watafsiri wanaozungumza juu ya muvi wamepewa ruhusa na nani kutunga? Sehemu ya kwanza inahusu kituo cha angani kinachoendeshwa na vichanga, basi mtafsiri akamfanya Daktari bingwa wa watoto aliyetoroka zamu. Sehemu ya pili inahusu muziki kuibwa duniani, naye akaongea juu ya muziki wote tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kweli uliibwa.

Tena mmemwita Gatwa "nyota wa Skotilandi", mkaishia hapo. Amelelewa huko, sawa, lakini amezaliwa Rwanda 1992, familia yake ikayakimbia mauaji ya kimbari ya 1994. Jirani yetu wa mpakani kabisa, na nyinyi mmempita kama treni ya haraka ipitavyo stesheni ndogo.

Napendekeza hivi: kila mkiandika "msimu wa kwanza", mwaka uwekwe kwenye mabano, kwa herufi za kusomwa na mzee aliyesahau miwani. Hamtaki, basi mwandishi wenu aje Mbagala Jumamosi na flashi tupu ya gigabaiti 16, nauli ajilipie, amweleze yule kijana ni msimu gani anaoutaka. Kibanda hakimpotei. Kiko nyuma ya kituo cha daladala, kimepakwa buluu, ila chenyewe ukiingia ndani ni kidogo kuliko kinavyoonekana nje.

Mstaafu wa reli,
Mbagala, Dar es Salaam