Unga Uliofunikwa Usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu katika jina la Bwana wetu Yesu. Huku Kengeleni, Mombasa, tu wazima, joto tu ndilo linalotutesa, na mguu wa babako umepata nafuu.

Tangu uliponipigia Jumapili sijalala vizuri. Umesema hii ni mara ya tatu hukwenda kwenye Meza ya Bwana kwa sababu hasira zimekushinda, na kwamba utarudi ukishajirekebisha. Baba, nilitaka kukujibu, salio likaisha.

Njia hiyo mimi nimeipita. Unajua nilivyokosana na shangazi yako kwa ajili ya ule mgao wa shamba. Miaka minne sikutia mguu kwake. Nilifunga, nikaomba, nikawa hata na daftari: kila jioni naandika kama leo nimemsamehe. Karibu kila ukurasa ulisema "bado". Nilidhani Mungu ananingoja mwisho wa daftari.

Wewe umelelewa kwa mahamri, utanielewa. Usiku nakanda unga kwa tui la nazi, hamira na iliki, naufunika kwa kanga, nalala. Kukanda ni kazi yangu, na mikono huniuma kweli. Kuumuka si kazi yangu. Alfajiri nikifunua, unga umejaa sufuria, laini, ukibonyeza kwa kidole unarudi. Bwana Yesu alisimulia mtu aliyepanda mbegu, akawa akilala na kuamka, nayo ikamea na kukua "asivyojua yeye".

Asubuhi moja nahesabu mahamri ya wateja, nikajikuta nimefunga kumi pembeni kwenye gazeti. Ya nani? Ya wifi yangu. Mkono ulikuwa umetangulia, moyo haujajua. Nililia pale pale kando ya karai.

Sikwambii ukae bure. Paulo anawaambia Wafilipi wautimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na papo hapo anaongeza kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Omba, soma Neno, na huyo uliyemfokea mwombe radhi leo. Lakini usidhani hayo ni nauli ya kumfikia Mungu.

Nikipita penye kengele yetu huwawaza wale waliopewa makao hapa Frere Town tangu 1875, waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Hakuna aliyeambiwa ajifunze uungwana kwanza ndipo afunguliwe. Walifunguliwa, kisha wakajifunza kuishi bila bwana: kusoma, kulima, kushika ufundi. Na bado walihitaji kukesha, maana kengele ile ililia kuwaonya wavamizi wakija. Paulo anamwandikia Tito kwamba neema ya Mungu "yatufundisha kukataa ubaya". Mwalimu huyo ndiye yule yule aliyekwisha kutuokoa.

Jumapili hii nenda, baba. Ziungame hasira zako, usizifiche, kisha kunjua viganja upokee.

Shangazi yako anakusalimu sana. Yuko hapa jikoni anachekecha unga. Siku hizi tunakanda pamoja. Anasema ukija Disemba, mahamri yako kumi atayafunga mwenyewe.

Mamako akupendaye.